Mateka wa Kindu na Maadui Waliogeuka Waokozi, 1961–1964

Historia ya Kongo ya miaka ya kwanza ya uhuru huandikwa kwa kawaida kutoka Leopoldville, Elisabethville au Stanleyville, miji ambayo leo inaitwa Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, kwa kuwa huko ndiko serikali zilikoundwa na kuangushwa. Kindu, makao makuu ya Maniema, hutajwa kwa mstari mmoja au miwili, aghalabu pale inapohesabiwa miili ya waliouawa. Hata hivyo, anayetaka kuelewa jinsi uadui wa enzi hizo ulivyofanya kazi, yaani ni nani alimwona nani kuwa adui na kwa muda gani, atapata mengi Kindu kuliko katika miji hiyo mikubwa. Katika muda wa miaka mitatu, kati ya Novemba 1961 na Novemba 1964, mji huu ulishuhudia watu 13 wakiuawa kwa kudhaniwa kuwa mamluki wa Katanga, kisha ukashuhudia mamluki wa kweli, baadhi yao wakiwa wameitumikia Katanga hiyohiyo, wakiingia kwa bendera ya serikali kuu ili kuwatoa mateka mikononi mwa waasi. Katikati ya matukio hayo mawili kuna kiongozi aliyefungwa kisiwani, upande wa pili wa nchi, akafunguliwa na mtu ambaye majeshi ya Kindu yalikuwa yamekusanywa ili kumwangusha.

Sababu ya Kindu kuingia katika mikasa hiyo ni ya kijiografia kabla ya kuwa ya kisiasa. Mto Lualaba, ambao ndio Kongo yenyewe katika sehemu zake za juu, hauwezi kusafiriwa kwa meli moja kutoka mwanzo hadi mwisho kwa sababu ya maporomoko, na ndiyo maana kampuni ya reli ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902 kwa ajili ya kuuunganisha mto huo na Maziwa Makuu, ilijenga vipande vya reli pale ambapo meli hazipiti. Kindu ni mahali ambapo kipande kimoja kinakutana na kingine: kutoka kaskazini, meli zilipanda mto kutoka Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, hadi bandari ya Kindu, na kuanzia hapo mizigo na abiria walipanda treni kwenda Kongolo, katika Katanga ya kaskazini. Jeshi lolote lililotoka Stanleyville kuiendea Katanga lilipaswa kupita Kindu, na lolote lililotoka Katanga kuiendea Stanleyville lilipaswa kupita hapohapo. Mji ulikuwa lango la pande zote mbili, na kila aliyeutwaa alikuwa safarini kwenda kwingine.

Kwa upande wa siasa, Maniema ilikuwa ngome ya MNC-Lumumba, chama cha Patrice Lumumba, tangu uchaguzi wa Mei 1960. Lumumba alipokamatwa mwanzoni mwa Desemba mwaka huo alikuwa njiani kwenda Stanleyville kujiunga na wafuasi wake, na alipouawa huko Katanga tarehe 17 Januari 1961, hasira ya wafuasi hao iliielekea Katanga na rais wake, Moïse Tshombe, aliyekuwa ametangaza kujitenga kwa jimbo hilo siku 11 tu baada ya uhuru. Antoine Gizenga, aliyekuwa naibu waziri mkuu wa Lumumba, aliongoza serikali ya Stanleyville iliyodai kuwa ndiyo halali. Mwezi Agosti 1961 alikubali kuwa naibu wa waziri mkuu mpya, Cyrille Adoula, lakini mwezi Oktoba alirudi Stanleyville, na askari wa ANC, jeshi la taifa la Kongo, waliokuwa upande wake walianza kuteremka kusini wakiwa chini ya Kanali Alphonse Pakassa. Kusudi lao lilikuwa kuivamia Katanga, na Kindu ndiyo iliyokuwa kambi yao.

Ni katika hali hiyo ambapo tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za mizigo aina ya C-119, za Brigedi ya 46 ya jeshi la anga la Italia, zilitua Kindu kutoka Leopoldville. Katika redio ziliitwa Lyra 5 na Lupo 33, na zilileta mahitaji ya kikosi cha Malaya kilicholinda uwanja wa ndege kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Wanahewa hao 13, chini ya Meja Amedeo Parmeggiani, hawakuwa na silaha. Baada ya kutua walichukuliwa kwenda kula chakula cha mchana katika messi ya maofisa wa Kimalaya, na wakiwa huko walivamiwa na askari wa Pakassa walioamini kwamba wamewakamata mamluki wa Tshombe, au askari wa miavuli wa Kibelgiji, waliojificha chini ya nembo ya Umoja wa Mataifa. Daktari wao, Luteni Francesco Paolo Remotti, aliuawa pale alipojaribu kukimbia. Wengine 12 walipigwa, wakapelekwa katika gereza la mji, na usiku huo wakauawa kwa risasi.

Hofu ya askari hao haikuzuka hewani, ingawa haiondoi hatia ya mauaji. Wiki chache kabla, mwezi Septemba, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yamepigana na Katanga, na ndege moja ya kivita ya Katanga, iliyorushwa na rubani wa kukodiwa, ilikuwa imeyasumbua majeshi hayo kwa siku kadhaa bila kupata mpinzani angani. Kwa askari aliyekuwa akisubiri kupelekwa vitani, mzungu aliyeshuka kutoka kwenye ndege ya kijeshi alikuwa na maelezo mamoja tu. Kikosi cha Malaya kilikuwa kidogo kuliko kile kilichowazingira, na njia kiliyoichagua, ya kujadiliana na Pakassa badala ya kufyatua risasi, ilikula muda ambao wafungwa hawakuwa nao. Hakuna jaribio la kuwaokoa lililofanyika usiku ule, na kwa siku kadhaa haikujulikana hakika kwamba wote wamekufa. Magazeti ya Ulaya yalijaza pengo hilo kwa habari za ulaji watu na viungo vilivyotupwa mtoni. Miili 13 ilifukuliwa baadaye katika makaburi ya Tokolote, jirani na mji, na mwezi Machi 1962 ikarudishwa Pisa, ambako jengo la ukumbusho wao lilijengwa.

Tukio la Kindu lilikuwa na matokeo mawili ya haraka. La kwanza lilipatikana New York: tarehe 24 Novemba 1961 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 169, lililomruhusu Katibu Mkuu kutumia nguvu kuwaondoa mamluki Kongo. Ni jambo la kustaajabisha kwamba vifo vya watu waliouawa kwa kudhaniwa kuwa mamluki vilisaidia kupatikana kwa kibali cha kuwatimua mamluki wenyewe. La pili lilifuata njia ya reli. Askari wa Pakassa waliendelea kusini hadi Kongolo, ambako tarehe 1 Januari 1962 wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa. Ghasia hizo zilimharibia Gizenga jina hata kwa marafiki zake wa nje, na mwezi huohuo bunge lilimwondoa madarakani. Alikamatwa, akachukuliwa Leopoldville, kisha akapelekwa Bula Bemba.

Bula Bemba ni kisiwa kidogo katika mlango wa mto Kongo, karibu na Banana, ambako mto unaingia baharini. Serikali ya Adoula ilikichagua kwa sababu zilezile zinazozifanya serikali zote zipende visiwa: mfungwa hawezi kukimbia, wageni hawafiki, na habari zake husahaulika. Gizenga alikaa huko zaidi ya miaka miwili. Katika muda huo Katanga ilishindwa, mwezi Januari 1963, na Tshombe akaenda uhamishoni Hispania, huku maelfu ya jandarma wake, yaani askari wa jeshi la Katanga, wakivuka mpaka na kuingia Angola iliyokuwa bado ya Wareno. Wale waliokuwa maadui wawili wakubwa wa siasa za Kongo walikuwa wametolewa nje ya uwanja, mmoja akiwa kisiwani na mwingine Madrid.

Kilichowarudisha wote wawili ni uasi. Mwaka 1964 Pierre Mulele aliinuka Kwilu, na upande wa mashariki Gaston Soumialot aliongoza maasi yaliyoteka Uvira mwezi Mei na Albertville, ambayo leo ni Kalemie, mwezi Juni. Rais Joseph Kasa-Vubu, akiona jeshi lake linakimbia bila kupigana, alimwita Tshombe, na mwezi Julai 1964 mtu aliyekuwa ameigawa nchi akaapishwa kuwa waziri mkuu wa nchi nzima. Miongoni mwa matendo yake ya kwanza lilikuwa kumtoa Gizenga Bula Bemba. Kisha Tshombe alisafiri hadi Stanleyville na kuweka shada la maua mbele ya mnara wa Lumumba, mtu aliyeuawa katika ardhi ya Katanga chini ya utawala wake mwenyewe. Ni vigumu kuamini kwamba toba ndiyo iliyomsukuma. Hesabu ilikuwa ya kisiasa: waasi walipigana kwa jina la Lumumba, na kama mrithi wa Lumumba angeonekana akitembea huru mjini Leopoldville, huenda baadhi yao wangeweka silaha chini. Gizenga alipokea uhuru wake bila kulipa bei aliyotarajiwa kuilipa. Mwezi Agosti alianzisha chama chake, PALU, na mwezi Oktoba Tshombe alikuwa amekwisha kumfungia tena, safari hii katika nyumba mjini. Ukombozi uliofanywa na adui ulikuwa umedumu takriban miezi mitatu.

Waasi, kwa upande wao, hawakuisubiri hesabu hiyo. Mwishoni mwa Julai 1964 Kindu ilianguka mikononi mwa Simba, jina walilojiita wapiganaji hao, wengi wao wakiwa vijana, walioamini kwamba dawa waliyonyunyiziwa ingegeuza risasi kuwa maji maadamu walishika miiko yake, ikiwa ni pamoja na kutogeuka nyuma vitani na kutogusana na mwanamke. Nicolas Olenga, aliyejipatia cheo cha jenerali, aliondoka Kindu na kuiteka Stanleyville mapema mwezi Agosti, siku chache tu baada ya shada la Tshombe kuwekwa. Njia ya Pakassa ya mwaka 1961 ilikuwa imegeuzwa: jeshi la wafuasi wa Lumumba sasa lilipita Kindu likielekea kaskazini.

Katika mji wenyewe utawala wa Simba uliwaangukia kwanza Wakongo. Makarani, walimu, watumishi wa serikali na wanasiasa wa vyama vingine walikusanywa na wengi wakauawa hadharani, kwa kosa la kuwa na elimu, cheo au kadi isiyofaa. Wazungu waliobaki, wafanyakazi wa reli na makampuni, wafanyabiashara na watawa, mwanzoni walitazamwa zaidi kuliko kuteswa, lakini kadiri ndege za serikali zilivyoongezeka angani na habari za kushindwa kusini zilivyofika, thamani yao ilibadilika. Wakawa mateka, kinga ya kuzuia mabomu na kitu cha kubadilishana.

Safu iliyotumwa kuwaokoa iliitwa Lima I, ikiwa sehemu ya Brigedi ya 5 iliyoundwa na Kanali Frédéric Vandewalle, Mbelgiji aliyewahi kuwa mkuu wa mwisho wa usalama wa koloni na baadaye konseli mkuu wa nchi yake mjini Elisabethville wakati wa kujitenga kwa Katanga. Iliongozwa na Luteni Kanali Liégeois. Mbele yake walikuwa mamluki wa Kommando ya 5, wengi wao kutoka Afrika Kusini na Rhodesia, chini ya Mike Hoare, ambaye mwanzoni mwa mwaka 1961 alikuwa ameongoza kikosi cha mamluki cha Tshombe katika Katanga ya kaskazini. Pamoja nao walikuwa jandarma wa zamani wa Katanga. Yaani watu walewale ambao askari wa Pakassa walidhani wamewashika mezani siku ile ya Novemba 1961, miaka mitatu baadaye walikuwa wamevaa sare za ANC na kuliita jeshi hilo lao.

Safu iliondoka Kongolo tarehe 1 Novemba 1964, kutoka mji uleule wa wamisionari waliouawa, ikafuata upande wa reli kupitia Samba na Kibombo, umbali wa zaidi ya kilomita 350 wa barabara za udongo na madaraja mabovu katika msimu wa mvua. Ujasiri wa operesheni hiyo ulikuwa katika mwendo wake. Magari hayakusimama kuteka vijiji vya pembeni wala kulinda njia ya nyuma. Yalipita yakifyatua risasi pande zote, kwa kuwa wakuu wake waliamini kwamba saa moja ya kuchelewa ingeweza kuhesabiwa kwa maisha ya mateka. Kibombo iliwathibitishia hofu hiyo, kwani baadhi ya Wazungu wa huko waliuawa kabla safu haijafika. Angani zilitangulia ndege za B-26 na T-28 zilizorushwa na marubani wa Kikuba waliomkimbia Fidel Castro na kuajiriwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Safu ilipoingia Kindu tarehe 5 Novemba, Simba wengi walikuwa wakijaribu kuvuka Lualaba, na ndege ziliwashambulia wakiwa mtoni. Mateka walikutwa hai.

Wale waliotolewa hawakuwa na sababu ya kuuliza maswali juu ya historia ya waokozi wao. Lakini mwanahistoria analazimika kuuliza, kwa sababu uokozi ule ulikuwa na mipaka iliyochorwa na rangi. Wakongo waliokuwa wakiwindwa na Simba tangu Julai hawakutumiwa safu yoyote. Walinusurika wale tu waliojificha porini au waliokuwa hai siku ile kwa bahati. Na baada ya mji kutekwa, kulipiza kisasi kulianza mara moja, kwa askari na kwa wananchi waliokuwa wamepoteza ndugu zao, bila mahakama na bila kupima sana nani alikuwa Simba na nani alikuwa kijana tu aliyeonekana barabarani. Mwokozi wa kundi moja alikuwa mnyongaji wa kundi lingine, tena mchana uleule.

Kufaulu kwa Kindu kulikuwa na gharama nyingine, iliyolipwa mbali. Habari ya kuanguka kwa mji ilipofika Stanleyville, ambako Christophe Gbenye alikuwa ametangaza Jamhuri ya Watu mwezi Septemba, Wabelgiji na Wamarekani walioshikwa huko walibanwa zaidi na vitisho dhidi yao vikatangazwa redioni. Maniema ilikuwa imeshaliona jambo hilo zamani. Mwaka 1892, katika vita kati ya Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II na Waarabu-Waswahili wa Maniema, Luteni Joseph Lippens na Sajenti Henri De Bruyne walishikwa Kasongo na Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, aliyetaka arudishiwe Ngongo Leteta, kiongozi aliyekuwa amemwasi na kuhamia upande wa Wabelgiji. De Bruyne alipelekwa hadi ukingo wa mto Lomami mwezi Novemba kuzungumza na maofisa wa upande wa pili, nao wakamshauri ajitose majini wakati askari wao wakimkinga kwa risasi. Alikataa, kwa kuwa mwenzake alikuwa bado Kasongo. Siku chache baadaye jeshi la Francis Dhanis, likisaidiwa na Ngongo Leteta, lilimshinda Sefu karibu na Lomami, na tarehe 1 Desemba mateka wote wawili waliuawa. Ushindi wa waokozi ndio uliowaondolea mateka thamani yao.

Vandewalle alikuwa na tatizo lilelile, likiongezwa na mto. Kutoka Kindu hadi Stanleyville safu ilipaswa kuvuka Lualaba, kisha kupita Punia na Lubutu, na kuyavusha magari kwa kivuko kulichukua siku nyingi ambazo waasi walizitumia kuwakusanya wafungwa wao. Safu iliyokuwa na haraka ya siku tano kufika Kindu ilikaa hapo takriban wiki mbili. Ni kuchelewa huko, kwa kiasi kikubwa, kulikozifanya Brussels na Washington ziamue kwamba barabara haitoshi, na zikaupitisha mpango wa Dragon Rouge, yaani kuwarusha askari wa miavuli wa Kibelgiji kwa ndege za Marekani kutoka kisiwa cha Ascension. Mazungumzo ya mwisho yalifanyika Nairobi chini ya Jomo Kenyatta, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu Kongo, ambapo Thomas Kanza aliwakilisha waasi na balozi William Attwood aliwakilisha Marekani; hayakuzaa kitu. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba askari wa miavuli waliruka Stanleyville. Simba waliwafyatulia risasi mateka wapatao 250 waliokuwa wamekalishwa barabarani, takriban 20 wakafa, na mamia ya wengine mjini wakaokolewa. Safu iliyotoka Kindu iliingia mjini baadaye asubuhi hiyohiyo.

Miungano iliyozaliwa kwa ajili ya Kindu haikudumu. Tshombe aliondolewa madarakani mwezi Oktoba 1965, na mwezi uliofuata Jenerali Joseph-Désiré Mobutu alitwaa nchi. Tarehe 30 Juni 1967 ndege iliyombeba Tshombe juu ya Mediterania ilitekwa na kulazimishwa kutua Algeria, ambako alitiwa gerezani. Siku tano baadaye mamluki wa Jean Schramme, Mbelgiji mwenye kikosi chake hukohuko Maniema, walimwasi Mobutu na kushambulia Kisangani, Bukavu na Kindu, wakiwa pamoja na jandarma wa Katanga. Waliokuwa waokozi wa mji mwaka 1964 walikuwa wamerudi kuwa adui wake. Walishindwa, na mwezi Novemba mabaki yao yalivuka mpaka na kuingia Rwanda. Tshombe hakutolewa na mtu yeyote, akafa kifungoni Algeria tarehe 29 Juni 1969. Gizenga, ambaye Tshombe alikuwa amemtoa Bula Bemba, aliachiwa huru na Mobutu, akaishi uhamishoni kwa miaka mingi, na mwezi Desemba 2006, akiwa na umri wa miaka 81, akateuliwa kuwa waziri mkuu wa Kongo.